Goti limepona, woga haujapona: mliorudi uwanjani baada ya kuumia, tupeane uzoefu

Mleta uzi (Tabata): Wakuu, habari za Jumapili. Mimi ni beki wa kulia wa mchangani, miaka 31. Mwaka jana niligeuka kumfuata winga, mguu ukabaki pale pale, mwili ukaenda. Goti likalia "ko!" kama mtu kavunja muwa. Ligamenti ya mbele ilikatika. Nikafanyiwa upasuaji, nikafanya mazoezi ya viungo, sasa ni mwezi wa 11 tangu upasuaji na nimeruhusiwa kucheza. Shida ni kwamba mpira ukija upande wangu nageuka mtazamaji. Jana dogo mmoja wa sekondari kanipita mara tatu. Wenzangu wanadhani pumzi imekata, nami nimewaacha wadhani hivyo.

Mama Netiboli (Temeke): Pole mdogo wangu. Mimi ilikuwa enka, niliteguka wakati natua. Niliporudi nikawa nadaka mpira bila kuruka, kama napokea mtoto. Kilichonisaidia ni ngazi za nyumba ninayopanga. Kila asubuhi kabla sijafungua duka nasimama ngazi ya chini kabisa, naruka, natua kwa mguu ule mbovu, nahesabu tatu bila kuyumba. Nikimaliza wiki bila kuyumba, napanda ngazi moja. Mwanangu ndiye refa, na hana huruma.

Mdau wa Mbagala: Vaa bandeji ya goti mkuu, yaishe.

Fundi Kariakoo: Hiyo bandeji nilivaa miaka miwili. Siku nilipoisahau nyumbani niliaga kwamba tumbo linauma.

Veterani wa Kinondoni: Mimi pia lilikuwa goti, nikarudi mwezi wa 5 tu wa matibabu kwa sababu timu ilikuwa fainali ya ndondo na kapteni hanipi usingizi. Niliogopa, nikajikaza, goti lile lile likakatika tena dakika ya 20. Kwa hiyo sitakwambia "usiogope". Wangapi hapa wanaruhusiwa bila kupimwa? Ruka mbele kwa mguu mmoja, kisha mwingine, pima umbali. Mtaalamu wangu alitaka mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya mzima, tena hicho ni kipimo kimoja tu kati ya kadhaa. Na Ronaldo yule wa Brazil, Aprili 2000 alirudi akiwa Inter dhidi ya Lazio, dakika chache tu kano ya pia ya goti ikakatika. Mwaka 2002 akafunga mabao 8 Kombe la Dunia.

Mleta uzi: Nimetoka ufukwe wa Coco asubuhi hii, maji yamekupwa, mchanga mgumu. Nimeruka mara tatu kila mguu, alama za visigino zinaonekana vizuri. Tofauti haifiki hata kiganja. Nimekaa pale nikizitazama mpaka muuza mihogo akaniuliza nimepoteza nini.

Jumatano nimemwomba yule dogo tukutane uwanjani, yeye na mimi tu, anipite mpaka achoke.

Mama Netiboli: Kakubali?

Mleta uzi: Kakubali. Anataka soda kwanza.