Naomba ushauri: Kinjeketile ana msimamo au hana?

Habari zenu wadau. Nafundisha fasihi sekondari, na tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein imeligawa darasa langu. Baadhi wanasema hana msimamo: yeye mwenyewe aliingiwa na shaka juu ya maji aliyowapa watu kama kinga ya risasi za Wajerumani, halafu akashindwa kuizuia vita ya Maji Maji. Wengine wanashikilia mwisho. Yuko mikononi mwa Wajerumani, ameteswa, na anachotakiwa ni kutamka tu kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, maana akikana, vizazi vijavyo vitaambiwa kupigania haki yao lilikuwa kosa. Mimi niko na hawa wa pili. Kushika neno huku moyo una shaka ni kazi nzito mno.

Sasa nataka nimlinganishe na Antigone, mhusika wa tamthilia ya Sophocles wa Ugiriki ya kale, aliyemzika kaka yake kinyume cha amri ya mfalme Creon, huku dada yake Ismene akimsihi aache. Je, itawasaidia au itawachanganya?

Pia naomba mnitajie mhusika wa kike katika riwaya za Kiswahili anayekataa shinikizo la ukoo na asife mwishoni. Wasichana wa darasani wameniuliza, na wanastahili jibu la maana.