Kusuluhisha ugomvi wa askari kwa askari gerezani: mshauri asimame wapi?

Mkaguzi Kijana

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mkaguzi msaidizi katika Jeshi la Magereza, na kabla ya kuvaa sare nilisomea rasilimali watu chuoni. Wiki tatu zilizopita mkuu wetu wa gereza aliniita akaniambia kuwa amechoshwa na ugomvi wa watumishi unaofika mezani kwake kila Jumatatu, na kwamba kuanzia sasa mimi ndiye mshauri wa kusuluhisha migogoro ya kazini miongoni mwa askari, huku nikiendelea na majukumu yangu mengine. Sina barua, sina chumba, wala sijaambiwa mipaka yangu ni ipi.

Niliyofundishwa ni ya ofisi za kiraia, ambako wagomvi wawili hukalishwa meza moja, kila mmoja akasema lake, kisha wakatafuta muafaka. Juzi nilijaribu hivyo kati ya sajini na askari wa chini yake aliyelalamika kuwa hupangiwa lindo la usiku mfululizo. Kijana aliingia, akapiga saluti, akabaki kasimama kwa ukakamavu hadi nilipomwomba aketi, na kwa nusu saa nzima hakutamka lolote isipokuwa "Ndiyo afande" na "Hapana afande". Sajini aliondoka akitabasamu. Nilijiona nimemwongezea yule kijana mzigo badala ya kumtua.

Naomba kuuliza mawili. Je, sheria zetu za kazi zinampa mtu kama mimi mahali pa kusimama? Na usuluhishi unawezekanaje pale ambapo mmoja wa wagomvi ana mamlaka ya kumwamuru mwenzake?

Mwanasheria wa Makulu

Nianze na sheria, kwa kuwa ndiko wengi hupotea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawagusa karibu waajiriwa wote wa Tanzania Bara, wakiwamo watumishi wa umma, lakini kifungu chake cha 2 kinawaweka kando walio katika JWTZ, Polisi, Magereza na JKT. Kwa hiyo mlango wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako mfanyakazi wa kiwandani hujaza fomu na mgogoro wake ukapewa siku 30 za usuluhishi, haukufunguliwa kwa askari wako. Hata hivyo, kifungu hichohicho kinavirudisha vifungu vya 5, 6 na 7 kwa vyombo hivyo, navyo vinahusu kazi za watoto, kazi za kulazimishwa na ubaguzi kazini. Katika ubaguzi, sheria imeuhesabu pia unyanyasaji.

Lishike sana hilo la mwisho. Askari wa kike akikuletea malalamiko kwamba mkubwa wake anamsumbua kingono, au kwamba amenyimwa nafasi kwa sababu ya ujauzito, huna cha kupatanisha hapo. Hilo ni kosa, na kuwakalisha wapeane mikono ni kusaidia lifichwe.

Mengine yanaangukia Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 pamoja na kanuni na maagizo ya jeshi lenyewe, ambayo msamiati wake ni wa nidhamu, mashtaka na rufaa. Wewe kwa sasa unasimama kwa idhini ya mkuu wako tu. Mwombe aiandike, hata ikiwa ukurasa mmoja, na humo yatajwe yale ambayo hutayagusa.

Mstaafu wa Lindo

Kijana wangu, nimevaa sare hiyo miaka 31 na nimestaafu nikiwa mrakibu. Kosa lako halikuwa kuwakutanisha, ila kuwakutanisha mapema. Katika kazi yetu kofia huvuliwa, cheo hakivuliwi. Anza na kila mmoja peke yake, mara mbili ikibidi, na usimwite mdogo kwa kupitia mkubwa anayemlalamikia, kwa sababu ukifuata mlolongo wa amri kibubusa ndivyo itakavyotokea. Wala usimwite jengo la utawala. Askari akionekana amekaa pale nusu saa, kambi nzima itakuwa imejua kabla ya chakula cha mchana. Mimi nilikuwa nikitembea. Nikimkuta mtu anatoka lindo naandamana naye hadi kota, na maneno ambayo asingeyasema mbele ya kalamu na karatasi yalitoka yenyewe njiani.

Tena, usiliamini jina ambalo ugomvi umepewa kwenye jalada. Nilipokuwa katika gereza moja la kilimo nililetewa taarifa ya utovu wa nidhamu: koplo mmoja alikuwa amechelewa mara nne kumpokea mwenzake mnarani, mara ya mwisho kwa saa mbili na dakika kumi, na yule mwenzake akatamka mbele ya watu kwamba siku moja atateremka auache mnara mtupu. Adhabu ilikuwa imekwisha kuandaliwa. Nikaomba kitabu cha zamu, nikakisoma kuanzia miezi miwili nyuma, nikaona kuchelewa kote kumeangukia mwisho wa mwezi, na anayecheleweshwa ni yuleyule kila mara, ilhali watu wengine koplo huyo aliwapokea kwa wakati.

Nikaenda kota. Nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mmoja na zilitumia mita moja ya LUKU. Mmoja alikuwa amenunua jokofu na mkewe akiuza barafu, na uniti zilipokwisha kabla ya mshahara kuingia, nyumba zote mbili zililala gizani. Hakuna aliyethubutu kulitaja hilo ofisini, mmoja kwa kuogopa biashara ya mkewe isipigwe marufuku, mwingine kwa kuona aibu kumshitaki jirani kwa ajili ya umeme, basi deni la uniti likawa linalipwa kwa saa za mnarani. Tuliandika mistari sita juu ya nani anunue umeme wa kiasi gani na lini, na baadaye mkuu akawaombea mita ya pili. Adhabu ya kuchelewa haikufutwa, na sikuomba ifutwe, maana mnara ni mnara.

Nyingi ya kesi nilizozisikiliza zilianzia kwenye orodha ya zamu, kota, uhamisho au likizo. Za watu kuchukiana tu bila sababu zilikuwa chache mno. Kwa hiyo huyo kijana wako, kabla hujamuuliza sajini chochote, hesabu wewe mwenyewe ndani ya kitabu amelala nje usiku mara ngapi kwa mwezi na wenzake mara ngapi. Hesabu ikiwa mezani, mdogo halazimiki kumtuhumu mkubwa kwa kinywa chake, na sajini anapata upenyo wa kurekebisha orodha bila kuonekana ameshindwa na mtu wa chini yake.

Jirani wa Ruiru

Nawasalimu kutoka Kenya, nilikohudumu kama askari jela. Kwetu pia Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatuacha nje. Ajabu ni kwamba Katiba ya 2010, katika ibara ya 24, inaporuhusu haki za kazi zipunguzwe kwa sheria, inataja Majeshi ya Ulinzi na Huduma ya Taifa ya Polisi; magereza hayamo. Hiyo ni hoja ya mawakili, siiendelezi hapa.

Nimeandika kwa sababu ya Aprili 2008, askari jela walipogoma wakidai marupurupu na makazi ya heshima, hata Serikali ikaunda kamati chini ya Meja mstaafu Marsden Madoka. Manung'uniko yale nilikuwa nimeyasikia kantini kwa miaka, kila mtu akiyasema kama shida yake binafsi. Ndugu mshauri, watu kumi wakikujia kwa ugomvi wa nyumba, usiridhike kwa kuwapatanisha jozi moja baada ya nyingine. Mpelekee mkuu wako idadi, bila majina, na umwambie wazi kwamba hapa hakuna ugomvi wa kusuluhisha, kuna nyumba zinazopungua.

Mwalimu wa Vijana

Nyongeza fupi. Mkuu akisita kuandika ile barua, mwonyeshe Kanuni za Nelson Mandela zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015. Kanuni ya 76 inataka mafunzo ya watumishi wa magereza yawe na mbinu za kuzuia na kutuliza vurugu, yakiwamo majadiliano na usuluhishi. Iliandikwa kwa kuwafikiria wafungwa wakorofi, lakini sidhani kuna askari atakayeweza kumtuliza mfungwa kwa maneno ikiwa yeye na mwenzake wa zamu hawasemezani.

Mkaguzi Kijana

Nawashukuru nyote. Mzee wangu, shikamoo. Nimehesabu kama ulivyoelekeza: kijana amelala lindo usiku mara 17 kwa mwezi, na anayemfuatia mara 9. Nitaanza na sajini peke yake. Kimebaki kimoja kinachoninyima usingizi. Nikiwaahidi siri, na mkuu akaniamuru nimweleze walichoniambia, nifanyeje?

Mstaafu wa Lindo

Marahaba. Usiahidi siri usiyoweza kuilinda. Kabla mtu hajafungua kinywa mwambie kwamba akitamka neno la kujidhuru, la kumdhuru mwenzake au la kumsaidia mfungwa kutoroka, hapo siri imekwisha, na kwa hayo mawili ya kwanza utaomba asikabidhiwe silaha usiku huohuo, kabla ya karatasi yoyote kuandikwa. Kwa yaliyobaki, kubaliana na mkuu mapema, na ndani ya ile barua, kwamba atapata kutoka kwako makubaliano yaliyofikiwa na siyo maneno yaliyosemwa.

Daftari lako liwe na tarehe na makubaliano tu, kwa sababu linaweza kutakiwa saa yoyote. Langu lilitakiwa mara moja, na aliyelichukua alilirudisha kesho yake asubuhi akilalamika kwamba halina kitu.