Matembezi ya miguu huku Malindi: msitu, mabwawa na vinu vya kale, kuna njia?

BintiBarani
Habari za mchana wapendwa. Mimi niko Malindi, Barani. Binamu yangu anaishi Ujerumani, juzi kanitumia picha za wikendi yao, njia imekata katikati ya msitu wanatembea na watoto wanapita kando ya mabwawa wanakaa wanakula mikate yao, mwisho wanatokea kwa kinu cha zamani cha kusagia ngano, kile cha gurudumu la mbao linalozungushwa na maji ya mto. Mimi na kiherehere changu nikamjibu hata sisi tunazo. Akacheka. Sasa anakuja Disemba na vijana wake wawili, mmoja ana miaka 9 mwingine 12, na amenishikilia hapo hapo kwa neno langu.

Gede napita kila nikienda Mombasa lakini ndani ya msitu sijawahi kutia mguu, aibu naijua msinikumbushe. Nauliza: huo msitu wa Arabuko-Sokoke tunaweza kuingia wenyewe tu au lazima mwongozaji (gaidi siandiki, nitashikwa bure)? Mabwawa yapo? Na kinu cha kale, hata kimoja jamani, kipo wapi?

kaka_wa_Mijomboni
Dada karibu kwetu, mimi nimezaliwa hapa nyuma ya kituo cha msitu. La kwanza nikwambie usiingie mwenyewe. Ule msitu ni kilomita za mraba zaidi ya 400, ndio mkubwa kuliko yote ya aina yake iliyobaki pwani ya Afrika Mashariki, na ndani njia za gari zinafanana zote, ukipinda mara mbili hujui bahari iko upande gani. Halafu ndovu wamo. Fensi ya umeme ni kuwazuia wasije kwenye mahindi yetu, wewe ukishaingia uko upande wao.

Mimi mwenyewe nimezaliwa hapa na nilipotea, nilikuwa na baiskeli na jeuri ya miaka 19, nikasema nakata shoti kutoka upande wa Gede nitokee Jilore, upande wa pili wa msitu. Saa nane mchana maji yameisha, mnyororo umekatika, nasukuma baiskeli kwenye mchanga. Mbele yangu nikaona mavi ya ndovu bado yanatoa moshi! Nilisimama pale nikawa nasikia moyo wangu tu. Nilitoka jua linazama, kwa kufuata sauti ya lori la barabarani. Kwa hivyo mwongozaji mchukue, wale vijana wa pale wanajua ndege kwa sauti tu, anakwambia simama, anaonyesha kwa kidevu, wewe huoni kitu mpaka kitu kinaruka.

Ukianzia kituo cha Gede utapita misitu mitatu ndani ya mmoja na ndio utamu wake. Huku karibu na barabara ni mchanganyiko, mibambakofi na miti mirefu, kivuli kizito. Ukizidi ndani unaingia kwenye mirihi, mchanga mweupe kama wa ufuoni, miti imeachana, mwanga unaingia, hapo hata mtoto anatembea bila kuchoka ila viatu vitajaa mchanga. Halafu udongo unageuka mwekundu ghafla na unaingia kwenye vichaka vya miti mifupi iliyoshonana, joto, hakuna upepo. Humo ndio anakaa yule bundi mdogo wa Sokoke, wa kukaa kiganjani, mchana amelala kwenye tawi unaweza kumpita hatua mbili usimwone.

Watoto watampenda sengi. Ni kama panya mkubwa mwenye pua ndefu inayochezacheza, matako ya rangi ya dhahabu. Msikanyage kwa fujo, mtasikia majani makavu yakichakurwa, akishtuka anapiga mkia chini pa pa pa halafu anachomoka kama risasi.

Muingie saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa moja mwisho. Saa nne kila kitu kimelala, mtaona majani tu mseme msitu hauna kitu. Na malipo fanya mapema kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali, usije na noti zako langoni.

Mzushi_wa_Maweni
Kinu? Njoo kwa nyanya yangu kipo na mchi wake, mgeni atatwanga kwanza ndio apige picha 😂

MamaJilore
@Mzushi_wa_Maweni wewe hujambo? 😄

Dada mabwawa yapo lakini usitegemee ya Ulaya ya mwaka mzima. Huku kwetu ni vidimbwi vya msimu, kwenye mirihi vinajaa mvua ikinyesha, masika au vuli, halafu jua linavinywa. Disemba ukibahatika vuli imenyesha vizuri mtayakuta, vyura wanapiga kelele jioni mpaka mtu hasikii simu. Vuli ikikosa mtakuta matope yaliyopasuka na nyayo za wanyama, na hiyo pia ni ya kutazama mimi naona, mtoto anakaa anahesabu nani alipita hapa.

Na mabwawa haya ya kupotea msiyadharau. Kuna ndege anaitwa kwera wa Clarke, duniani kote hayupo popote ila kaunti yetu hii ya Kilifi. Miaka nenda miaka rudi wataalamu wanamwona Arabuko lakini hakuna aliyejua anazalia wapi. Viota vyake vilikuja kupatikana 2013, huko msitu wa Dakatcha upande wa Marafa, kwenye bwawa la msimu, ameshonea kwenye nyasi za majini. Mvua isiponyesha bwawa halijai, bwawa lisipojaa hana pa kutaga. Sasa mtu anakuja anaona nyasi tu na maji ya kahawia anasema hapa tufyeke tupande.

Ziwa Jilore na mto Sabaki nendeni mtazame kutoka juu, lakini msiwashushe watoto ukingoni. Mamba wapo na viboko wapo, na kiboko jioni anatoka kula majani kwa njia yake, usimkute katikati.

Kuhusu kinu, sisi tuliyonayo ni mashine ya unga. Ya zamani ilikuwa ya injini ya dizeli, tunaisikia tuk tuk tuk kutoka ng'ambo ya mashamba, ikisikika tunajua imewaka tunabeba debe la mahindi kichwani tunakimbia kabla foleni haijawa ndefu. Tukirudi nyusi nyeupe kama vikongwe. Siku hizi ni stima, haina sauti ya kumwita mtu. Sijui kama mgeni wako atasafiri kutoka Ujerumani kuja kuona hiyo lakini mimi ningemwonyesha.

MwamuHalisi
Assalaam aleikum. Mimi ni mtu wa Lamu na hapo kwenye kinu nina neno. Kinu cha maji huku hukipati na sababu yake ni nyepesi, kinu cha maji chataka mto unaoshuka kwa nguvu, nchi yetu ni tambarare, na huo Sabaki wenu ukifurika ungebeba gurudumu na mwenyewe. Wazee wetu walitumia ngamia.

Kilikuwa kinu cha kushindikia mafuta ya simsim, sisi twayaita mafuta ya uta. Babu yangu alikuwa akitueleza tukamwona kama yuko pale: gogo nene limetobolewa katikati, ndani pamesimamishwa mchi mkubwa umeinamishwa kidogo, mchi umeunganishwa na boriti, na boriti ndiyo anayoikokota ngamia akizunguka kutwa. Juu ya boriti kunawekwa mawe ya uzito, au mtoto apandishwe akae. Ngamia hufungwa mato kwa kitambaa asipate kizunguzungu. Babu alisema ngamia wao alijua saa, adhuhuri ikiadhiniwa asimama mwenyewe, hata umpige haendi. Simsim ikisagika mafuta yajitenga, yachotwa, na mashudu yanayobaki hupewa ng'ombe na mbuzi. Mafuta yale ya kupikia, ya taa, ya kukanda mwili, na mzazi akijifungua hukandwa kwayo mpaka leo.

Sasa usije Lamu ukitegemea kumkuta ngamia anazunguka, utamkuta punda amebeba mawe. Lakini ukikaa na mzee barazani ukamtajia mafuta ya uta, utakaa mpaka magharibi.

kaka_wa_Mijomboni
Mashallah hii ya ngamia kusimama adhuhuri nimeipenda. Dada, siku ya pili basi fanya hivi, asubuhi magofu ya Gede, ni mji wa mawe ulioachwa miaka ya 1600 na umeingia orodha ya UNESCO 2024, njia ni fupi na zina kivuli, miti imepanda juu ya kuta kabisa. Waonyeshe visima, waambie wachungulie wahesabu kamba ingekuwa mikono mingapi, maana kuna wanaosema maji kushuka visimani ni mojawapo ya yaliyowahamisha watu. Kima watakuibia ndizi, ficha. Pale pale ndani kuna mradi wa Kipepeo, tangu 1993 watu wanaoishi kando ya msitu wanafuga vipepeo, buu akishajifunga anauzwa nje. Ndio maana wazee wengine huku hawataki kusikia habari ya kukata mti, mti ndio chakula cha buu.

Jioni hori ya Mida (Mida Creek), lile daraja la mbao la kuning'inia ndani ya mikoko, pesa ya kiingilio inasaidia karo za watoto wa vijiji vya kando ya msitu. Ila uliza maji kwanza. Yakipwa kabisa ndege wako mbali kwenye matope, yakijaa hawana pa kusimama, nenda yanapoanza kujaa yanawasukuma kuja kwako.

BintiBarani
Wallahi sikutegemea majibu haya yote, shukran sana. Nimeamua: siku ya kwanza Arabuko na mwongozaji, ya pili Gede na Mida, na katikati nampeleka kwa mashine ya unga kwa MamaJilore apakwe nyusi. Kinu cha ngamia nitamsimulia njiani. Swali la mwisho, kupe na siafu wakoje Disemba? Huyu wa miaka 9 anaogopa hata mende.

MamaJilore
Suruali ndefu, soksi uzivute juu ya suruali, jioni mkague magotini na kwapani. Siafu ukiwaona wamekata njia usisimame kuwatazama, ruka upite. Na atakayeruka wa kwanza ni huyo huyo wa mende, utaona.