Anahesabu hadi ishirini, lakini vijiko vitatu vinamshinda. Naomba ushauri

Mama wa Himbi (Goma)
Bamama na bapapa, habari zenu. Niko na mtoto wa kiume anayekaribia miaka minne, ameanza maternele (shule ya chekechea) mwaka huu. Ukimwambia ahesabu, anafululiza moja hadi ishirini kama wimbo, wageni wanapiga makofi. Jana usiku nikamtuma jikoni: "Niletee vijiko vitatu." Akarudi na vijiko vyote vya nyumba, amevikumbatia kifuani. Nikamwekea mandazi matatu kwenye sahani. Akagusa: moja, mbili, tatu, sawasawa kabisa. "Basi ni mandazi mangapi?" Akaanza upya: moja, mbili, tatu. Kila nikiuliza, anaanza upya.

Namba za kuandikwa ndiyo balaa. 6 na 9 kwake ni kitu kimoja. Shuleni wanampa mistari ya kuandika 1 hadi 10 kila jioni, na hapo kilio kinaanza. Baba yake anataka tununue tableti yenye michezo ya hesabu, wakati hata umeme wa kuichaji hatuna uhakika nao. Nyinyi mnafanyaje?

Baba Mapacha (Goma, Ndosho)
Mama, mpe pesa umtume dukani. Sisi hesabu tuliijulia kwa muuza duka, akikosea chenji utamsikia mwenyewe.

Mwalimu wa Bagira (Bukavu)
Mama wa Himbi, usiogope, watoto wengi wa umri huo wako hapo hapo alipo wako. Kuimba namba ni kazi ya ulimi. Kujua kwamba neno la mwisho ulilotamka ndilo idadi ya vitu vyote, hiyo ni kazi nyingine, na huchelewa. Ndiyo maana ukimuuliza "mangapi?" anadhani unamwamuru ahesabu tena.

Kwa hiyo kwa sasa punguza kuuliza. Mhesabie wewe mbele yake, polepole, kidole kimoja kitu kimoja, halafu zungusha mkono juu ya sahani yote useme: "Mandazi matatu!" Kesho vikombe, keshokutwa viatu mlangoni. Na ukimtuma, anza na viwili. Mpaka "viwili" visimame imara, siku yoyote, kitu chochote, ndipo uende vitatu. Ishirini yake iache ipumzike.

Jambo lingine ni kuandaa meza. Kila mtu sahani yake, kila sahani kijiko chake, halafu uliza: "Nani amekosa?" Hapo hahitaji hata kutaja namba, lakini anajifunza kulinganisha kitu kwa kitu, na huo ndio msingi.

Jicho nalo lifundishwe. Pita sokoni Kadutu uone akina mama wanavyopanga nyanya: tatu chini, moja juu. Mtoto akilizoea fungu hilo atajua ni nne bila kunyoosha kidole. Zaidi ya nne jicho peke yake haliwezi, lazima ahesabu.

Baba Mapacha, kwa heshima, hapo kwenye pesa nakataa. Noti ya 500 ni karatasi moja. Mtoto wa miaka mitatu anaona 5 anasema "tano". Na ukimchagulisha kati ya noti mbili za 100 na moja ya 500, atachukua zile mbili kwa sababu ni nyingi! Pesa zingoje afike shule ya msingi.

Baba Mapacha
Hahaha, mwalimu, wangu walichagua hivyo hivyo. Nimekubali.

Yaya wa Kenya (Lubumbashi)
Kenya ya huku kwetu Lubumbashi, si ile nchi, msinitume Nairobi tena 😄

Mama, kalamu iweke pembeni kwanza. Tandaza majivu makavu au mchanga kwenye sinia, achore namba kwa kidole, kubwa, huku anaitamka. Mbili tu kwa wakati mmoja, na zisizofanana: 1 na 4, kwa mfano. 6 ifundishe leo, 9 iache kabisa mpaka 6 ikae kichwani. Zikishakaa zote, ziandike kwenye vipande vya kartoni na kila moja uichoree mstari chini yake, ajue upande upi ndio chini. Na akiandika namba imegeuka kama kwenye kioo, usimgombeze, hata wa miaka sita bado wanageuza.

Njiani kuna namba tele. Jezi za wachezaji, gileti za motari (waendesha pikipiki), vitufe vya kitochi. "Nitafutie 4." Akiipata, endeleeni na safari.

Bibi wa Katindo (Goma)
Nami niulize. Nyumbani mjukuu anasikia "makumi mbili na moja", shuleni anaambiwa kwa Kifaransa vingt et un. Si tunamchanganya?

Mwalimu wa Bagira
Hapana, bibi. Idadi ikishaeleweka kwa lugha ya nyumbani, ile ya shule inapata pa kukaa. Na Kiswahili chetu kinamsaidia: "kumi na moja, kumi na mbili", anasikia kumi lenyewe mle ndani. Onze na douze (11 na 12 za Kifaransa) hazimwonyeshi. Asichanganye tu lugha mbili katika kuhesabu fungu moja.

Mama wa Himbi
Asanteni sana. Sahani tulizipanga leo, akaniambia mwenyewe kwamba shangazi yake amekosa kijiko. Sasa ile mistari ya shuleni nifanyeje? Sitaki ugomvi na mwalimu wake.

Mwalimu wa Bagira
Mwendee saa ya kumchukua mtoto, si kwa ujumbe wa simu. Muulize kama anaweza kumpa namba mbili badala ya kumi, na umwambie kwamba nyumbani mnachora kwenye mchanga. Mara nyingi mistari ile inatolewa kwa sababu wazazi wanapenda kuona daftari limejaa.

Na badala ya tableti, chora njia ya vyumba 1 hadi 10 kwenye kartoni, kila mchezaji na kizibo chake cha chupa, mrushe dadu. Akiwa kwenye 4 akapata 2, asonge huku anasema "tano, sita", asianze tena "moja, mbili". Vizibo vifungiwe mchezo ukiisha, kuna mdogo wake atavitia mdomoni au puani.

Baba Mapacha
Dadu sisi hatuna. Nichonge ya mti?

Yaya wa Kenya
Chonga, papa, nukta utoboe kwa msumari wa moto. Ila weka 1, 2 na 3 peke yake, kila moja pande mbili. Ya hadi sita utachonga baadaye.