Kila ushauri wa draiva ya waifai unaanza na "unganisha intaneti kwanza": siku tano nimezipoteza, nataka majibu

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa Mtwara mjini, na naandika kwa hasira, kwa hiyo atakayeyaona maneno yangu ni makali anivumilie kwa lugha lakini hoja aijibu. Kwa siku tano kompyuta mbili za ofisi yangu ndogo ya uchapaji zilinitesa kwa mtandao, na hayo yalitokea katikati ya msimu wa korosho, wakati makarani wa vyama vya msingi wanaleta orodha za wakulima zichapwe na kutumwa kabla ya mnada. Tatizo kubwa kati ya hayo lilitibika kwa faili moja lisilofikia hata megabaiti moja. Sina ugomvi na Linux, mfumo endeshi ninaoutumia, na wala sina ugomvi na chipu iliyomo ndani ya mashine. Ugomvi wangu ni na aliyeniuzia vifaa, na ni na ninyi mliokuwa wepesi wa kunijibu kabla ya kuniuliza chochote.

Niliagiza laptopu iliyotumika kutoka duka moja la Kariakoo, pamoja na adapta ya waifai ya kuchomeka kwenye USB kama akiba. Muuzaji alinihakikishia kwa simu, tena mara mbili, kwamba "Linux inakubali kila kitu humo". Mzigo ulikuja kwa basi, nikaupokea stendi ya Mkanaledi, na jioni ile ile nikasakinisha Debian 11, aina mojawapo ya Linux, kutoka kwenye flashi niliyokuwa nayo. Hapa niseme ukweli unaonihusu mwenyewe: wakati wa kusakinisha, skrini ilitaja jina la faili fulani la programu dhibiti (firmware) linalokosekana, nami nikabonyeza kuendelea bila hata kulinakili lile jina. Hilo ni kosa langu, nalikubali, na laiti ningeliandika kwenye karatasi huenda uzi huu usingekuwepo.

Mashine iliwaka vizuri, ila kwenye orodha ya mitandao hapakuwa na waifai kabisa. Nikauliza kwenye makundi matatu tofauti. Jibu la kwanza lilikuwa niandike amri ya apt, inayovuta programu mtandaoni, nisakinishe kifurushi fulani. La pili lilikuwa niandike amri ya git nivute msimbo wa draiva, yaani programu inayoiendesha kadi ya waifai, kutoka GitHub, ghala la misimbo mtandaoni. La tatu lilikuwa nisasishe mfumo mzima kwanza. Ndugu zangu, mtu amekuja kwenu analia kwamba hana mtandao, nanyi dawa mnayompa ni ya kunywewa mtandaoni! Ni sawa na kumwambia mtu aliyeangusha ndoo kisimani kwamba achote maji kwanza ndipo aitafute ndoo. Nilipouliza nitavutaje kitu wakati kuvuta ndiko kulikoshindikana, mmoja akanijibu kwamba nirudi Windows, mwingine akanishauri nihamie FreeBSD, mfumo endeshi mwingine. Huyu wa FreeBSD namjibu hapa hapa: huko nako draiva kadhaa za waifai zimeazimwa kutoka Linux kupitia tabaka liitwalo LinuxKPI, na programu dhibiti zinahitajika vile vile, kwa hiyo ulikuwa unanihamisha kutoka chumba chenye giza kwenda chumba kingine chenye giza na kuniambia kwamba nimepata nyumba.

Niliufuata ushauri wa GitHub, kwa sababu ndio uliotolewa na watu wengi. Nilivuta msimbo wa draiva ya chipu ya waifai iitwayo RTL8821CE kwa simu, nikauhamishia kwenye laptopu kwa waya. Nilipotoa amri ya make, mashine ikasema haina kikusanyaji cha msimbo, yaani programu inayougeuza msimbo kuwa kitu cha kutumika. Nikavuta kikusanyaji kiitwacho gcc kwa simu. Gcc ikadai maktaba zake, maktaba zikadai nyingine. Kisha zikahitajika faili ziitwazo hedaz za keneli (keneli ni kiini cha mfumo), ambazo ni lazima zilingane kabisa na toleo linaloonyeshwa na amri ya uname -r, si toleo la jirani yake, si toleo linalofanana nalo kwa tarakimu mbili za mwanzo. Kwa kuwa Kiswahili chetu kimeamua kuviita vyote viwili vifurushi, ngoja niseme hivi: kila kifurushi cha Debian kilidai kifurushi kingine cha Debian, na kila mara simu nayo ikadai kifurushi chake cha intaneti. Siku mbili zikaisha hivyo.

Siku ya tatu draiva ikakusanyika, lakini keneli ikakataa kuipokea kwa sababu moduli, yaani hiyo draiva iliyokusanywa, haina saini na ile kinga ya BIOS (programu ya kuwashia mashine) iitwayo Secure Boot ilikuwa imewashwa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amenitajia jambo hilo. Mwenye subira angetengeneza ufunguo wake mwenyewe, akauandikisha kwa programu ya mokutil na kuitia moduli saini. Mimi sikuwa na subira iliyobaki, nikaingia BIOS nikaizima. Waifai ikawaka. Nililala nikiwa na furaha, nikiwa nimeuacha mfumo ujisasishe usiku kucha. Asubuhi mashine iliamka na keneli mpya, na draiva niliyoikusanya kwa mikono yangu ikawa haipo, kwa sababu moduli iliyokusanywa kwa ajili ya keneli moja haihamii nyingine yenyewe. Ili ikusanywe upya kila keneli inapobadilika, ilipaswa kuandikishwa kwenye DKMS tangu mwanzo. Hilo nalo lilisemwa na mtu baada ya maiti kuzikwa, tena kwa maneno ya "lakini hilo linajulikana".

Linajulikana na nani?

Aliyeniokoa ni kijana mmoja aliyetokea siku ya tano na kufanya jambo ambalo wengine wote hawakulifanya: aliniuliza. Alitaka nimpe majibu ya amri mbili tu, lspci -nnk na sudo dmesg, nilipige picha dirisha la amri nimtumie. Amri ya kwanza inaonyesha namba halisi ya chipu, na kwangu ilikuwa 10ec:c821. Chini ya namba hiyo palikuwa na mstari unaotaja moduli ya rtw88_8821ce, ila mstari wa draiva inayotumika haukuwepo. Maana yake, wakuu, ni kwamba draiva nilikuwa nayo muda wote! Imo ndani ya keneli ya Linux tangu toleo la 5.9, na Debian 11 inakuja na 5.10. Kile nilichokikusanya kwa siku tatu kilikuwa draiva ya pili ya chipu ambayo tayari ilikuwa na draiva.

Amri ya pili ndiyo iliyotaja kilichokosekana: rtw88/rtw8821c_fw.bin, ikifuatiwa na kosa namba -2, ambalo kwa lugha ya keneli maana yake ni kwamba faili halikupatikana. Hapa naomba tuelewane vizuri, kwa sababu naona watu wengi wanachanganya mambo mawili. Draiva ni sehemu ya keneli inayojua namna ya kuzungumza na kadi. Programu dhibiti ni kitu kingine: ni maelekezo yanayopakiwa ndani ya chipu yenyewe kila inapowashwa, na chipu nyingi za waifai za siku hizi haziyahifadhi ndani yake, zinasubiri keneli izilishe kutoka kwenye folda ya /lib/firmware. Draiva ikiwepo na programu dhibiti isiwepo, unakuwa na dereva aliyekaa kwenye usukani wa gari lisilo na betri. Kubadilisha dereva mara kumi hakuliwashi gari hilo.

Kwa nini faili halikuwepo? Kwa sababu programu dhibiti hizo hutolewa na viwanda bila msimbo wake, na Debian kwa kanuni zake ilikuwa haiziweki kwenye flashi zake rasmi za usakinishaji. Ziliwekwa pembeni, kwenye sehemu ya non-free (isiyo huria), ambayo wewe mwenyewe ulipaswa kuifungua. Waendelezaji wa Debian walilipigia kura jambo hilo mwaka 2022, na kuanzia Debian 12, iliyotoka Juni 2023, programu dhibiti zinakuja ndani ya flashi rasmi. Naheshimu kanuni za watu, na najua kuna hoja nzito nyuma yake, lakini kanuni ile ilikuwa nyepesi zaidi kwa mwenye waya wa intaneti ukutani kuliko kwa mtu wa huku Kusini ambaye mtandao wake wote umo ndani ya simu.

Na hiyo simu ndiyo jambo linaloniuma kuliko yote. Kijana yule aliniambia nichomeke simu ya Android kwenye laptopu kwa waya wake wa chaji, kisha kwenye mipangilio niwashe ushirikishaji wa intaneti kwa USB badala ya ule wa waifai. Laptopu ikaiona simu kama kadi ya mtandao ya waya, kwa draiva ya rndis_host iliyomo ndani ya keneli na isiyohitaji programu dhibiti yoyote. Nikaongeza neno non-free kwenye faili la /etc/apt/sources.list, nikatoa amri ya apt update, kisha apt install firmware-realtek, nikaondoa moduli kwa modprobe -r rtw88_8821ce na kuirudisha kwa modprobe. Waifai ikatokea kabla chai yangu haijapoa. Secure Boot nikairudisha kama ilivyokuwa, kwa kuwa moduli ya Debian yenyewe imetiwa saini.

Watu zaidi ya ishirini walinijibu katika siku zile tano, na kila mmoja wao alijua kwamba nina simu, kwa sababu nilikuwa nawaandikia kwa simu hiyo hiyo.

Kompyuta ya pili ni ya mezani, inatumia waya unaotoka kwenye ruta ya jirani, na ina Windows na Linux kwa pamoja kwa sababu ya programu moja ya mteja. Huko taa ya tundu la waya ilikuwa inakufa kila nilipotoka Windows kuingia Linux. Ushauri ulikuwa ule ule wa haraka: ondoa draiva ya r8169, weka ya r8168. Nilikataa kuguswa tena. Kwa kuipeleleza mwenyewe nikagundua kwamba Windows inapozimwa, hasa ile njia yake ya kuzima nusu nusu ili iwake haraka, inaweza kuiacha kadi ikiwa imelala na Linux ikashindwa kuiamsha. Nilichomoa waya wa umeme kwa dakika kadhaa, kadi ikaamka. Kisha nikaingia Windows nikaizima njia hiyo ya kuwaka haraka, na tatizo halijarudi. Sikugusa draiva yoyote.

Sasa kuhusu adapta. Boksi lake limeandikwa kwamba inafanya kazi na "Linux 2.6". Mfululizo wa keneli 2.6 ulifikia mwisho mwaka 2011 lilipokuja toleo la 3.0, kwa hiyo maneno hayo hayamsaidii mnunuzi wa leo hata kidogo, ni mapambo. Nilipoichomeka, amri ya lsusb ilionyesha 0bda:1a2b na mfumo ukaiona kama sidii, kwa sababu inaanza kwa kujifanya sidii yenye draiva za Windows hadi uiondoe kwa amri ya eject. Nikaiondoa, ikajitambulisha kwa namba yake halisi, na namba hiyo haina draiva ndani ya keneli ninayotumia. Nilipompigia muuzaji aliniambia nitafute draiva mtandaoni. Nilipomuuliza ni chipu gani iliyomo, alinisomea jina lililoandikwa juu ya boksi. Huku ni kuuziwa mbuzi ndani ya gunia, na muuzaji mwenyewe hajui kama ni mbuzi.

Kwa hiyo nataka majibu, na nayataka kwa utaratibu. Mafundi mnaoshauri humu, nielezeni kwa nini si desturi kuomba lspci -nnk, au lsusb kwa vifaa vya USB, pamoja na dmesg, kabla ya kumtuma mtu GitHub. Nielezeni pia kwa nini waya wa simu hautajwi kwanza, wakati wengi wetu hatuna mtandao mwingine. Nanyi wauzaji mliomo humu, na najua mmo, nataka kusikia ni kitu gani kinachowazuia kuandika namba ya chipu kwenye tangazo, kama mnavyoandika ukubwa wa diski.

Kwa walioko Mtwara, Masasi, Newala na hata Lindi: nimeshusha faili zima la usakinishaji la Debian 12 pamoja na vifurushi vya programu dhibiti, vyote vimo kwenye flashi moja ofisini. Anayefika na flashi tupu ananakili bure, hata kama hatachapisha karatasi moja.

Adapta imo ndani ya boksi lake, risiti imo juu yake, na nimeshaandika ujumbe wa kuomba kurudishiwa shilingi 35,000 zangu. Ujumbe una tiki mbili za buluu tangu juzi saa nne asubuhi.