Naomba ushauri: travaye juu ya nafsi na mwili, plani imerudishwa

Ndosho_L2
Jambo wakubwa. Niko Goma, mwaka wa pili wa filozofia. Tumepewa travaye (kazi ya kuandika) ya kurasa 10: je, kitu kisicho na mwili kinaweza kuusogeza mwili? Lazima wawemo Descartes, Spinoza na Leibniz, wanafilozofia wa karne ya 17. Plani yangu ni kurasa 4 za Descartes na tezi ya pineali (tezi ndogo ndani ya ubongo, ambamo alisema nafsi inafanya kazi), pamoja na sayansi inavyomkanusha, halafu 3 za Spinoza na 3 za Leibniz. Asistanti ameirudisha, pembeni ameandika "shida iko wapi?" Nirekebishe nini? Tena nitaieleza kwa Kiswahili mbele ya kikundi cha mjadala: "âme" niseme roho au nafsi?

Birere_Kati
Ndugu, umepanga majibu matatu kwa foleni na hakuna aliyeuliza. Hiyo ndiyo shida ambayo asistanti anaitafuta.

Aliyeuliza yupo: binti mfalme Élisabeth wa Bohemia, Mei 1643, akiwa na miaka 24. Alimwandikia Descartes hoja ambayo kwa ufupi ni hii: kitu kinasogea kwa kusukumwa, na mwendo wake unategemea namna kilivyosukumwa na umbo la uso wa kile kinachosukuma. Kusukuma kunataka kugusana. Umbo linataka kitu chenye urefu na upana. Wewe Descartes umeinyima nafsi yote mawili. Basi inausogezaje mwili? Mpe ukurasa mzima, tena wa kwanza.

Descartes anajibu mwezi huohuo kwa mfano wa uzito. Watu husema uzito hulivuta jiwe chini, wala hawafikirii kwamba uso fulani umegusa uso mwingine; nafsi nayo tuielewe hivyo. Wanafunzi wengi hulipita jibu hili wakikimbilia tezi, na hapo ndipo travaye inapokufa. Élisabeth hakuridhika. Mwezi Juni akamrudishia kwamba kwake ni rahisi zaidi kukubali nafsi ina maada kuliko kukubali kitu kisicho na maada kinausogeza mwili na kusogezwa nao. Shikilia sentensi hiyo, ndiyo mlango wako wa kuingilia kwa Spinoza.

Tezi, Descartes anaieleza kwa urefu katika kitabu chake cha 1649. Hasemi nafsi imefungiwa humo. Anasema imeungana na mwili mzima, ila humo inafanya kazi yake kwa namna ya pekee kuliko sehemu nyingine. Ukimkanusha kwa anatomia umemwambia amekosea mahali, namna hujaigusa. Ihamishe nafsi uipeleke sehemu yoyote ya ubongo, swali la Élisabeth litakufuata hukohuko.

Mama_Keshero
Mwanangu, usiseme roho. Hapa kwetu ukitamka roho, mmoja anasikia Roho Mtakatifu, mwingine mapepo, mwingine "yule ana roho mbaya". Descartes mwenyewe aliikimbia shida ya namna hiyo: katika Kilatini alipendelea "mens" kuliko "anima", kwa kuwa "anima" mara nyingi hutumika kwa kitu cha kimwili. Nafsi inatosha. Akili ni finyu, maana kwake kufikiri ni pamoja na kuwa na shaka, kutaka, hata kuhisi.

Tena usimfanye Descartes aseme mtu ni dereva ndani ya gari. Tafakuri ya Sita katika kitabu chake cha Tafakuri inakataa wazi kwamba nafsi imo mwilini kama baharia katika merikebu. Waeleze kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo: gurudumu likipasuka, mwenye chukudu analiona tu, hasikii uchungu ndani ya ule ubao. Mguu wake ukiumia, anaumwa yeye. Soma pia mfano wa kamba humohumo: kamba A, B, C, D, ukiivuta katikati, pale B au C, ncha ya A inacheza sawasawa na ungeivuta pale D. Ndiyo sababu mshipa wa fahamu ukiguswa njiani, mtu husikia uchungu mguuni ingawa mguu ni mzima.

Ndosho_L2
Aksanti mama, aksanti kaka. Spinoza anasema nafsi na mwili ni kitu kimoja. Ni kusema mawazo ni ubongo tu?

Himbi_2
Hapana, na kosa hilo litakutoa alama. Soma kitabu chake Ethica, Sehemu ya 3, pendekezo la 2: mwili hauwezi kuifanya nafsi ifikiri, wala nafsi haiwezi kuufanya mwili usogee. Kitu ni kimoja, kinaelezwa kwa njia mbili. Ukiinua mkono kusimamisha pikipiki, sababu ya mkono kupanda itafute kwenye misuli na miili mingine iliyotangulia. Sababu ya kutaka kwako itafute kwenye wazo jingine. Kuruka kutoka mstari mmoja kwenda wa pili ni marufuku, upande wowote. Kwa hiyo swali la Élisabeth halijibiwi, linaondolewa. Hilo liseme wazi. Dibaji ya Sehemu ya 5 inamshambulia Descartes kwa jina, juu ya tezi hiyohiyo, inukuu.

Kwa Leibniz chukua saa mbili zinazokubaliana, mfano wake wa 1696: moja ni nafsi, nyingine ni mwili. Ama moja inaiathiri nyingine, ama fundi anazirekebisha kila dakika, ama zilitengenezwa vizuri tangu mwanzo. Ya pili ni Malebranche, mwanafilozofia anayesema Mungu ndiye fundi huyo wa kila dakika, mpe nusu ukurasa. Ya tatu ni Leibniz mwenyewe. Usiache sababu yake ya fizikia: anavyomsoma Descartes, nafsi haiongezi mwendo ila inageuza uelekeo tu. Leibniz anajibu kwamba jumla ya uelekeo nayo haibadiliki, basi hata usukani nafsi haina.

Birere_Kati
Gawa hivi: Élisabeth 1, Descartes 3, Malebranche nusu, Spinoza 2 na nusu, Leibniz 2, hukumu yako 1. Katika hukumu usiandike kwamba wote wana haki. Chagua jibu moja, kisha ulipeleke mbele ya barua ya Juni uone kama linasimama. Barua hizo ziliandikwa kwa Kifaransa na ni fupi. Zisome zenyewe usiku huu, plani uiguse kesho.