Mrejesho: kujitolea kituo cha wanyamapori Malawi

Wakuu, nimerudi Dar juzi. Niliuliza kama mtu wa kipato changu anaweza kwenda kujitolea wiki tatu kwenye kituo cha kuokoa wanyamapori Malawi. Inawezekana, asanteni sana.

Aliyeniambia nipande basi Mbezi, nivukie mpaka wa Kasumulu, kaniokolea nauli ya ndege, ingawa mgongo bado unanidai. Chanjo ya kichaa cha mbwa ndiyo niliyozembea: nilikwenda na dozi moja, nikazuiwa kukaribia tumbili. Nikaishia jikoni, kukata papai na viazi vitamu ndoo kwa ndoo, vidole vinanata hadi jioni. Wenye dozi kamili nao hawakuwabeba. Wakizoea watu, kuwarudisha porini ni kazi. Mnaokwenda, anzeni chanjo mwezi mzima kabla.